Kliniki ya Meno Yenye Mvutano: Soma Dalili, Tafuta Chanzo, Kisha Rekebisha

Mwenye kliniki akinipigia simu, mara nyingi anaanza na mtu. "Yule dada wa mapokezi kanishinda." "Nesi wangu siku hizi mzito." "Nimeajiri daktari kijana, ana dharau." Namsikiliza mpaka amalize, halafu namuuliza: umeligonga jino kabla ya kuling'oa? Daktari wa meno anajua kuliko mtu yeyote kwamba maumivu yanahama. Mgonjwa anaonyesha jino la juu, kumbe lililooza ni la chini, upande uleule. Ukiling'oa alilokuonyesha, kesho anarudi ameshika shavu lilelile.

Nimesimamia kliniki binafsi za meno hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na sasa naitwa kuangalia za wengine. Malalamiko yanajirudia kiasi kwamba nimeyapanga kwa dalili. Kwenye kila dalili nimetanguliza chanzo ninachokikuta mara nyingi, nikafuatisha kile kinachotokea kwa nadra. Anza na ukaguzi mwepesi usiohitaji fedha wala kikao. Palipoandikwa SIMAMA, simama kweli. Hapo pamevuka uwezo wa meneja, na ukiendelea kwa kubahatisha unaweza kumuumiza mtu.

Na kabla ya kumkagua mtu yeyote, kagua vitu vitatu: daftari la miadi, siku ya mshahara, na idadi ya vifaa kabatini. Mara nyingi safari inaishia hapo.

Dalili ya 1: Ikifika saa tisa alasiri, kila mtu ana hasira

Asubuhi salamu ni nzuri. Mchana sauti zinaanza kupanda. Alasiri daktari anafokea trei, nesi anafunga droo kwa kishindo, mapokezi anamjibu mgonjwa bila kuinua uso.

Vyanzo, kwa mpangilio ninaoukuta:

1. Ratiba imejazwa bila pengo. Mapokezi anampa kila mtu nusu saa, iwe ni kuangalia jino au kutibu mzizi wa gego, kazi inayoweza kula saa nzima na zaidi.
2. Watu hawajala.
3. Mgongo na shingo ya daktari vinauma, na hajamwambia mtu.
4. Umeme unakatika au kompresa (mashine ya hewa inayoendesha vifaa vya kiti) inasumbua, na hakuna aliyepangiwa afanye nini.

Ukaguzi ni wa penseli tu. Chukua daftari la miadi la wiki iliyopita. Kando ya kila mgonjwa andika saa aliyopangiwa na saa aliyoketi kitini kweli. Kama kuchelewa kunaanza saa nne asubuhi, na mgonjwa wa tatu tu, usitafute mkorofi. Ratiba ndiyo mkorofi.

Rekebisho: daktari mwenyewe aandike jedwali la muda wa kila huduma (kung'oa, kuziba, kusafisha, kutibu mzizi), libandikwe kando ya simu ya mapokezi. Acha mapengo mawili kwa siku, moja asubuhi na moja mchana, kwa wanaokuja na maumivu bila miadi. Kwetu hao ni wengi, na kujifanya hawapo ndiko kunakoharibu siku.

Chakula cha mchana si hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apumzike dakika 60. Wiki ya kazi ni saa 45, siku isizidi saa 9, na saa za ziada zisipite 50 katika wiki 4, nazo zilipwe mara moja na nusu. Kliniki nyingi ninazozikuta zinavunja haya bila kujua, kwa sababu tu "mgonjwa wa mwisho hakuisha".

Kwa umeme, andika karatasi moja: nani anawasha jenereta, nani anabaki na mgonjwa akiwa amefungua mdomo, nani anatoka kuwaambia wanaosubiri. Mgonjwa aliyeshikwa bega gizani akaambiwa "usijali mama, dakika mbili tu" hatapiga kelele, na usipopigiwa kelele hutamfokea mwenzako.

SIMAMA: daktari au msaidizi akianza kufa ganzi vidole, kudondosha vifaa, au kuamka usiku kwa maumivu ya shingo, mtume hospitali kwa mtaalamu wa mifupa au wa fiziotherapia. Dawa ya maumivu kutoka droo ya kliniki si matibabu yake.

Dalili ya 2: Watu wanaona kosa na kunyamaza

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu haina kelele. Kliniki inaonekana tulivu, heshima tele, "ndiyo dokta" kila kona.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kliniki niliyokuwa nikiisimamia, aliketi mama mmoja aliyekuja kung'olewa gego la kwanza la chini, upande wa kulia. Faili limeandikwa 46, ndiyo namba ya jino hilo. Nje kuna wagonjwa wanne. Daktari akatazama picha ya eksirei iliyobandikwa kinyume kwenye kisanduku cha taa, akachoma ganzi upande wa kushoto, kwenye 36, gego kama hilo la upande wa pili. Msaidizi amesimama ng'ambo ya kiti, trei mkononi, faili liko wazi mbele yake. Hakusema kitu. Daktari akanyoosha mkono kupokea koleo, naye akampa. Aliyetuokoa ni mgonjwa. Aliinua mkono, na kwa mdomo uliokwisha kufa ganzi nusu akasema, "Dokta, mbona linaloniuma ni la huku?"

Jino lile halikung'olewa. Jioni nilimwita msaidizi pembeni, si kumgombeza, kumuuliza tu. Alinijibu anatazama sakafu: "Niliona. Lakini mwezi uliopita niliposema kuhusu sindano, niliulizwa mbele ya mgonjwa, wewe ni nesi au daktari?"

Jibu hilo sijalisahau. Daktari yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesema neno moja siku ya uchovu, na neno lile likafunga mdomo wa chumba kizima.

Chanzo cha kawaida ndicho hicho: mtu alishawahi kusema, akaaibishwa mbele ya watu. Mara moja inatosha, maana kila mfanyakazi mpya husimuliwa kisa hicho wiki ya kwanza. Cha pili ni kwamba mdogo hana njia ya adabu ya kumsimamisha mkubwa. Kwetu kumsahihisha mkubwa mbele ya mgeni ni jambo zito, na wala sioni sababu ya kulidharau. Kinachotakiwa ni kumpa njia ambayo haivunji heshima. Cha tatu, msaidizi hajafundishwa namba za meno, kwa hiyo 36 na 46 kwake ni namba tu. Kutojali kabisa kupo, ila ni nadra sana, na ukianza na hicho utawapoteza wote.

Ukaguzi: waulize wasaidizi, mmoja mmoja, "Mara ya mwisho kumsimamisha daktari ilikuwa lini?" Ukijibiwa "haijawahi kutokea", usifurahi.

Rekebisho la kwanza ni kusimama kidogo kabla ya ganzi. Msaidizi anasoma faili kwa sauti: jina la mgonjwa, namba ya jino, kazi inayofanywa. Daktari anarudia namba huku akiligusa jino. Mgonjwa anaonyesha kwa kidole chake. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama katika upasuaji mwaka 2008, na ndani yake kuna kituo cha namna hii kabla ya kisu kugusa mwili. Kwenye kiti cha meno haizidi nusu dakika. Uzuri wake ni kwamba msaidizi hamkosoi mtu, anatimiza kazi aliyopangiwa. Woga unapungua kwa sababu hiyo hasa.

La pili, chagueni neno la kusimamisha. Sisi tulitumia "Dokta, naomba faili." Mgonjwa hashtuki, lakini kila aliye chumbani anajua maana yake: mikono juu, tuangalie upya. Sharti lake ni moja. Daktari anajibu "Asante, sista," hata kama msaidizi alikosea. Hasa akiwa amekosea, maana siku hiyo ndiyo wenzake wanatazama atajibiwaje.

La tatu ni gumu kwa wengi. Aliyemfokea mwenzake mbele ya watu amwombe radhi mbele ya watu walewale. Radhi ya chumbani haifuti aibu ya hadharani.

SIMAMA: kama jino lisilo lenyewe limekwisha kung'olewa, acha mambo ya vikao. Mwambie mgonjwa ukweli siku hiyohiyo, mpe matibabu, hifadhi faili na picha, na usibadilishe hata mstari mmoja. Kisha tafuta mwanasheria. Mgonjwa ana haki ya kupeleka malalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika, na faili lililochezewa litakuumiza kuliko kosa lenyewe.

Dalili ya 3: "Wasaidizi wavivu, trei haziko tayari"

Kabla ya kuandika barua ya onyo, fanya hesabu hii.

Viti viwili, kila mgonjwa nusu saa: unatumia seti nne za vifaa kwa saa. Seti ikitoka kitini inasuguliwa, inasuuzwa, inakaushwa, inafungwa, inaingia kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), inapoa. Piga saa moja na nusu bila kukimbia. Maana yake wakati wowote seti sita ziko njiani, mbili ziko kwenye viti, na unahitaji angalau mbili zilizofungwa tayari. Jumla kumi. Sasa fungua kabati uhesabu.

Nimekuta kliniki ya viti viwili yenye seti sita. Msaidizi wake alikuwa na barua mbili za onyo kwa uzembe. Seti sita zote zilipaswa kuwa njiani kwa wakati mmoja, na daktari alikuwa akidai ya saba. Katika hali hiyo mtu anatafuta njia ya mkato: anafungua mashine kabla mzunguko haujaisha, au anachovya vifaa kwenye dawa na kuvirudisha mezani. Hilo linaonekana kama tabia mbaya, na kweli ni hatari kwa mgonjwa anayefuata. Ila aliyelizalisha ni aliyenunua seti sita. Kliniki ile iliongeza seti tano, na barua zile zikaondolewa kwenye faili la yule dada. Hendipisi, vile vishikio vya drili, zihesabu vilevile, maana ndizo watu wengi husahau.

Ukishahesabu na vifaa vikatosha, ndipo uangalie vyanzo vingine: hakuna aliyemfundisha mpya kwa vitendo, kazi ya kutakasa haina mwenyewe, kila mtu anadhani mwenzake kafanya, au mtu mmoja ndiye anayeosha kila siku kwa sababu ni mdogo kuliko wote. Wekeni zamu ya chumba cha kutakasia na daftari la kusaini kila mzunguko: saa, joto, rangi ya utepe unaobadilika kwa joto, jina.

Neno kuhusu kukata mshahara kwa kifaa kilichovunjika. Najua inavyouma kuona kioo cha bei kimepasuka. Lakini sheria haikuruhusu kukata tu. Lazima kosa liwe la mfanyakazi kweli na akiwa kazini, umpe kwa maandishi sababu na hesabu ya deni, apate nafasi ya kulipinga, akubali kwa maandishi, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake. Tena, ukianza kukata, vifaa vilivyopasuka vitaanza kufichwa chini ya trei badala ya kuletwa kwako.

SIMAMA: utepe wa kuonyesha joto usipobadilika rangi, au kipimo cha vijidudu kikionyesha mashine haijaua, otoklevu hiyo haitumiki tena mpaka fundi wa vifaa tiba aje. Vifaa vyote vya mzunguko huo virudiwe kwenye mashine nyingine. Mkikosa mashine nyingine, ahirisheni wagonjwa.

Dalili ya 4: Daftari la ajali ni jeupe

Kliniki inayochoma ganzi kutwa nzima halafu haina hata tukio moja la kuchomwa sindano mwaka mzima, kwa kawaida ina matukio yaliyofichwa.

Mtu huficha kwa woga wa kulaumiwa kwanza, halafu woga wa kupimwa VVU mahali ambapo siri haikai, halafu kutojua afanye nini. Ukaguzi: simama mbele ya boksi la sindano uone kama limejaa kupita mstari. Kisha muulize msaidizi mpya kuliko wote, "Ukichomwa sasa hivi, unaanzia wapi?" Akisita, umepata jibu.

Utaratibu uandikwe ukutani kwa Kiswahili. Osha palipochomwa kwa maji na sabuni, usiminye, usipake dawa kali. Toa taarifa saa hiyohiyo. Nenda kituo kinachotoa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Mapema ndani ya saa chache ni bora, mwisho ni saa 72, na dawa zinaendelea siku 28. Nauli ilipwe na kliniki papo hapo, na majibu abaki nayo yeye na kituo kile.

Kinga yenyewe inaanza mapema. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Gharama aibebe mwenye kliniki, na anayeosha vifaa na anayedeki sakafu wahesabiwe humohumo. Sheria ya mezani: aliyetumia chenye ncha ndiye akitupe mwenyewe, asimwachie msaidizi akitafute chini ya pamba. Na sindano ya ganzi ikihitaji kufunikwa tena, ifunikwe kwa mkono mmoja, kifuniko kikiwa kimelala trei.

Ajali ya kazini pia ina taarifa ya kupelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Usiikalie.

SIMAMA: meneja hatoi ushauri wa dawa, wala hampimi mwenzake kwenye chumba cha nyuma. Hiyo kazi ni ya kituo cha afya.

Dalili ya 5: Mapokezi na chumba cha matibabu hawasemeshani

Kuna kundi la WhatsApp la kazini, na lipo jingine ambalo bosi hayumo. Mapokezi wanasema madaktari wanajisikia. Chumbani wanasema mapokezi wanapenda umbea.

Chanzo kikuu, na nisingeliamini kama nisingeliona mara nyingi hivyo, ni fomu za bima. Madai yanarudishwa na kampuni ya bima kwa sababu namba ya jino haikuandikwa, au utambuzi wa ugonjwa hauendani na matibabu, au saini ya mgonjwa haipo. Anayepokea simu ya lawama ni mapokezi. Anayepaswa kuandika ni daktari. Hakuna anayewakutanisha.

Chukua madai kumi yaliyorudishwa hivi karibuni. Kando ya kila moja andika kasoro ilianzia meza gani. Yaweke mezani bila majina. Kisha kubalianeni: fomu inakamilika kabla mgonjwa hajanyanyuka kitini.

Baada ya hapo, kikao cha dakika kumi kila asubuhi, watu wamesimama, kabla mlango haujafunguliwa. Nani anakuja leo, nani anaogopa sindano, kifaa gani hakipo, nani ana mtoto mgonjwa nyumbani na ataondoka mapema. Aanze mapokezi kusema, daktari awe wa mwisho. Akianza daktari, wengine wote watasema "hakuna la kuongeza".

Ukiona hata baada ya hayo umbea unaendelea, angalia kama kuna ndugu wa mwenye kliniki kwenye kiti cha fedha. Shemeji au binamu si tatizo kwa kuwa ndugu. Tatizo ni pale anapochelewa bila kuulizwa, na yanayosemwa jikoni mchana yanamfikia bosi usiku kabla ya chakula. Mpe majukumu ya maandishi kama wengine, na mtu wa kumsimamia asiye ndugu. Usipoweza hilo, basi usiwalaumu wenzake kwa kunong'ona.

Dalili ya 6: Madaktari wanagombania wagonjwa

Hapa maneno mengi hayahitajiki: angalia mnavyolipana. Daktari anayelipwa asilimia tupu ya mapato ana sababu ya kupenda mgonjwa wa meno bandia na kumkimbia mtoto anayelia. Msaidizi naye anaona jasho ni la wawili na asilimia ni ya mmoja.

Mpango ninaoushauri: mshahara wa msingi unaomtosha mtu kuishi, halafu asilimia ndogo inayokokotolewa baada ya kutoa gharama ya maabara. Kazi iliyorudi kwa kasoro irudiwe na aliyeifanya, bila asilimia ya pili. Mwezi ukienda vizuri, bonasi iwe ya wote mpaka mdeki. Mgonjwa mpya agawiwe kwa zamu iliyoandikwa mapokezi, isipokuwa ametaja daktari wake.

SIMAMA: ukishuku daktari anachonga meno mazima ili kuongeza bili, usimwambie koridoni wala usimtangaze. Mpate daktari wa meno wa nje, asiye na undugu wala ushindani na yeyote, apitie mafaili na eksirei. Ndipo uingie kwenye utaratibu wa nidhamu, ukiwa na mwanasheria wa kazi.

Dalili ya 7: Wasaidizi hawamalizi mwaka

Chanzo cha kwanza ni mshahara unaochelewa. Si udogo wake tu, ni kuchelewa. Mtu anayelipwa kidogo tarehe 28 bila kukosa hukaa kuliko anayelipwa zaidi "nikipata nitakutumia". Angalia tarehe halisi za malipo ya miezi sita. Angalia pia kama kila mtu ana mkataba wa maandishi, kama michango ya hifadhi ya jamii, NSSF, inafika, na kama likizo ya siku 28 inachukuliwa kweli au inabaki kwenye karatasi.

Chanzo cha pili ni kukosa pa kupanda. Msaidizi wa miaka minne anafanya kilekile alichofanya siku ya kwanza. Mfundishe kupiga eksirei kwa taratibu za usalama wa mionzi, msomeshe, mpe dhamana ya stoo, na mshahara upande naye.

Chanzo cha tatu hakisemwi kirahisi. Panga majina ya walioondoka miaka miwili iliyopita, na kando ya kila jina andika alikuwa akisaidia chumba cha nani. Kama majina matano ya mabinti yanaangukia chumba kimoja, usimuite tena mmoja wao ofisini kumuuliza mlango ukiwa umefungwa.

SIMAMA: unyanyasaji wa kingono haupatanishwi na meneja, na maneno "tuyamalize kifamilia" yasisikike. Mhakikishie usalama aliyelalamika, mtenganishe na anayetuhumiwa bila kumhamisha yeye wala kumpunguzia kipato, andika alichosema kwa maneno yake, tafuta mwanasheria. Kukiwa na jinai, Dawati la Jinsia na Watoto lipo vituo vya polisi, na akitaka kwenda msindikize. Na kabla ya kumfukuza yeyote kwa sababu yoyote, kumbuka anaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Aliyefukuzwa kwa hasira bila kusikilizwa hurudi na barua.

Dalili ya 8: Ukiingia wewe, vicheko vinakatika

Hii ni ya mwenye kliniki peke yake, na ndiyo sababu nimeiweka mwisho. Huwezi kuikagua kwa kuuliza, kwa sababu kila utakayemuuliza utamlipa mwisho wa mwezi.

Chanzo chake mara nyingi ni umbali tu: unakuja kuhesabu fedha na kuondoka. Wakati mwingine ni kwamba unakumbuka makosa ya watu kwa tarehe, na mazuri yao huyakumbuki hata kidogo. Mara chache ni ukali wa kweli, na mwenye ukali wa kweli kwa kawaida mke wake au mumewe alishamwambia.

Njia ninayoipendekeza haina kikao. Chagua Jumamosi moja, vaa aproni, ushike kazi ya msaidizi nusu siku. Shika bomba la kunyonyea mate kwa daktari wako mdogo kuliko wote. Pokea trei, osha, funga, saini daftari. Usiseme neno la kusahihisha siku hiyo.

Mwenye kliniki mmoja nilimshawishi, baada ya kukataa mara mbili. Alikuwa daktari mzoefu, na msaidizi wake wa usafi wa vifaa alikuwa akilalamika mgongo kwa muda mrefu, akaonekana mtu wa visingizio. Dokta aliosha trei tatu. Kwenye ya nne akasimama wima, akashika kiuno, akauliza, "Hili sinki nani aliliweka chini hivi?" Chumba kizima kilicheka, naye akacheka. Yule dada akajibu, "Lilikuwa hivyo tangu tulipohamia, dokta. Nilishasema." Dokta akamuuliza alimwambia nani. Jumatatu fundi alikuja na matofali mawili ya kuinulia miguu ya sinki.